Moyo Usiopitiwa na Kisu

Mara ya kwanza binti yangu aliponiomba moyo wa kondoo, nilidhani ana hamu ya nyama. Nikamwambia buchari zimejaa Eldoret. Akasema mioyo ya buchari haimfai, kwa sababu mkaguzi wa nyama huipasua kutafuta minyoo, naye anataka mzima, pamoja na mishipa yake.

Hapo ndipo nilipoanza kumwangalia vizuri. Nimepika nyama ya kondoo hapa Sugoi maisha yangu yote, na sijaona mtu anayetaka moyo asiokusudia kuukata. Mjini kuna dini za ajabu, na yeye amepanga chumba Kimumu peke yake. Alisema ni masomo ya chuo. Sikumwamini. Kikulacho ki nguoni mwako.

Baba yake alikuwa mgonjwa wa moyo. Ulikuwa umepanuka na kuchoka, miguu ikavimba, akawa analala ameketi. Hata hivyo alimchinjia kila alipoomba, akijigamba kwamba mtoto anamtengenezea moyo mpya. Furaha hiyo ilinikera. Niliona mume wangu anadanganywa, na anayemdanganya ni damu yake.

Siku moja nilimfuata binti hadi maabara bila kualikwa. Moyo wa kondoo wetu ulikuwa umening'inia ndani ya chupa kubwa, mweupe pe. Akanieleza kwamba wameupitishia maji ya sabuni kwenye mishipa hadi kila chembe ya kondoo ikatoka, ukabaki umbo tu; moyo uliopasuliwa na mkaguzi ungevuja maji hayo. Siku za usoni chembe za mgonjwa mwenyewe zitapandwa humo zikue. Hilo nililielewa. Hata kibuyu hutolewa matumbo yake kabla ya kutiwa maziwa.

Nikamuuliza, “Sasa huu wa baba yako utaanza kupiga lini?”

Akafuta chupa ambayo haikuwa na uchafu. “Mama, huu ni wa kujifunza tu. Wa watu bado kabisa. Baba hataufikia.”

“Na yeye anajua?”

“Anajua tangu mwanzo. Alisema nisikuambie. Alisema ukiwa na mtu wa kushuku, hutapata nafasi ya kulia.”

Jioni nilimkuta mume wangu zizini, ameegemea ua, akinichungulia usoni. Nilikuwa nimeshanawa macho bombani. Nikamwambia yule mtoto bado simwamini hata kidogo.