Mashine Mbili Katika Gereji ya Magunia

Gereji yetu ya Mazwi haijawahi kulaza gari. Mume wangu aliijenga kwa imani, gari likagoma kuja, na mama yangu, ambaye hawezi kuona chumba kinakaa bure akanyamaza, akaleta mahindi yake kutoka kijijini kwake Mpui yasubiri bei. Msimu uliofuata akaongeza ulezi. Tangu hapo gereji ikawa ya mama, sisi tukabaki na ufunguo.

Nilipostaafu ufundi wa pampu za maji, niliitaka gereji hiyo. Maisha yangu ya kazi nimeyamalizia kwenye karakana ya watu, nikiomba zamu ya mashine kwa wanaume ambao kila mara walikuwa na kazi ya haraka kuliko yangu. Sasa nilitaka mashine yangu, ndani ya chumba changu, nikate chuma bila kumwomba mtu. Sikutaka kingine, na hicho nilikitaka mpaka nikawa nakiota.

Nilihitaji kazi mbili. Kukereza, ambapo chuma kinazunguka na kisu kinakinyoa. Na kuchonga, ambapo chuma kinatulia na kisu ndicho kinachozunguka. Karakana kubwa huwa na mashine mbili. Ila kuna nyingine iliyounganishwa, kichwa cha kuchongea kimepandishwa nyuma ya mashine ya kukerezea, zote mbili zikakaa mahali pa moja.

"Kochi linalogeuka kitanda hilo," alisema mume wangu. "Hulikalii vizuri, hulilalii vizuri. Mshika mbili moja humponyoka."

"Mimi nashika moja," nikamjibu. "Hizo mbili zimeshikana zenyewe."

Hakukosea sana, ingawa sikumwambia. Ukitoka kukereza kwenda kuchonga unafungua hiki na kukaza kile, na kichwa chake hakina ubavu wa kula chuma kingi kwa mara moja. Lakini mimi sikuwa natengeneza treni. Nilifikiria ekseli za mikokoteni na shafti za mashine za kusaga, ambazo zikivunjika watu huzifuata hadi Mbeya. Na haraka ya nini? Nimestaafu.

Kilichobaki ni mama. Nikapanda gari kwenda Mpui, nikamkuta anapepeta ulezi uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kuninyang'anya gereji."

Habari zilikuwa zimenitangulia, na namjua aliyezitanguliza. Nikamweleza kwamba naomba kona tu. Akaendelea kupepeta.

"Chuma si cha wanawake, mwanangu. Yale malungu unayoyaona mashambani, hakuna mwanamke aliyeyasogelea."

Malungu ni matanuri marefu ya udongo ambayo wazee wetu walikuwa wakiyeyushia chuma. Mabaki yake bado yamesimama huku kwetu, mbuzi wanajikunia.

"Mama yangu akiwa msichana alikuwa anawabebea mkaa," akasema. "Akifika nusu ya njia anaambiwa, tua hapo, rudi nyumbani. Wanaume wanauchukua wanaendelea nao. Mpaka anazikwa hajaona chuma kikitoka. Na tanuri lenyewe wakaliita bibi harusi, wakalipamba! Bibi harusi gani huyo anayekataa kuonwa na wanawake wenzake?"

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Alipuliza makapi, akasema, "Kapime. Ikizidi nafasi ya magunia manne, sitaki kuisikia."

Hakuniambia ndiyo, lakini na mimi si mtoto wa jana. Niliondoka na magunia matupu manne yaliyokunjwa kwapani.

Dukani mjini, mfanyabiashara alimkimbilia mume wangu. "Bosi, hii itakufaa kabisa."

"Muulize mama huyu," akasema mume wangu, akinionyesha mimi. "Mimi nimeshika mkoba tu."

Nikayatandaza magunia yangu sakafuni, mawili kwa mawili, nikaomba mashine iwekwe juu. Vijana wa dukani wakatazamana. Ile kubwa niliyoipenda, yenye kichwa kinene, ilikaa juu ya magunia kana kwamba iliyashonewa. Nikafurahi, nikaanza kuuliza habari za usafiri. Ndipo mume wangu, aliyekuwa amechoka na mkoba, akazungusha usukani mmoja wa mashine kujifurahisha. Meza yake ya kubebea chuma ikatoka, ikapita ukingo wa gunia, ikamgonga mfanyabiashara kiunoni.

Hilo ndilo kosa letu sisi watu wa magunia. Gunia ukilipanga linatulia. Mashine ina mikono, na mikono hainyooshwi juu ya ulezi wa mama yangu.

Nikahamia kwenye ndogo. Nikasukuma meza yake mpaka mwisho, kila upande, ikabaki ndani ya magunia. Nikatikisa sukani zake kuona kama zina ulegevu. Nikahakikisha inatumia umeme wa kawaida wa nyumbani, si wa njia tatu. Kichwa chake kilikuwa chembamba kuliko nilivyotaka, na niliitazama ile kubwa kwa uchungu kabisa. Kisha nikasema, nifungieni hii.

Vijana waliingiza mashine gerejini kwa miti na makelele, mmoja akiniita mama fundi kila alipoona nataka kugomba. Magunia ya mama tuliyabana ukutani. Nilikuwa bado naisawazisha miguu, mama aliposhuka getini kwenye bodaboda, sweta limefungwa hadi shingoni, kikapu mkononi. Kikapu kilijaa mkaa.

"Mama, hii ni ya umeme."

"Kwani waya siuoni?"

Nikataka kumpokea, akakataa. Akajitwika kikapu kichwani, akapita mlango, akapita mahindi yake, akapita ulezi wake bila kuukagua, akaja kukitua chini kabisa ya mashine.

"Haya, washa."

Nikabana kipande cha nondo, nikawasha, nikasogeza kisu. Chuma kikaanza kutoka, utepe mrefu unaojisokota, ukadondoka karibu na miguu yake. Mama aliinama akautazama muda mrefu. Halafu akakigusa kikapu, akasema kwa Kifipa, kwa sauti ya mtu anayeongea na aliye karibu, "Mama, umefika."

Nikazima mashine, kwa sababu sikuwa naona tena ninachokata.