Msalaba Kando ya Jina la Masika

Bwera ya Desemba ilinuka kahawa. Si ile iliyokaangwa na kusagwa, bali kahawa mbichi iliyotoka kumenywa, yenye uchachu na utamu kwa pamoja, ikianikwa juu ya maturubai mbele ya kila nyumba hata bodaboda zikalazimika kupita pembeni. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, nami nilikuwa nimemaliza darasa la tano mjini Kasese. Tuliishi Nyamwamba, katika nyumba za kupanga za wafanyakazi wa kiwanda cha saruji. Baba alitoka Kenya, mama ni Mkonzo wa Bwera, mji wa Uganda ulio mpakani na Kongo, na nyumbani tulizungumza Kiswahili. Likizo hiyo mama alinipeleka kwa Nyanya, mama yake mzazi, akiwa na nia moja: miguu ya Nyanya ilikuwa imeanza kuvimba, na mama alitaka kumhamishia kwetu. Mimi nilikuwa na shughuli yangu. Mwalimu alituagiza tuchore mti wa ukoo, kila mtu katika kisanduku chake, na kando ya jina la kila marehemu tuweke msalaba.

Nyanya aliipenda kazi hiyo kuliko mimi. Tulikaa tukichambua kahawa na kutupa punje mbovu, naye akinitajia watu mmoja baada ya mwingine, huku akisubiri nimalize kuandika ndipo aendelee. Alinieleza jinsi Wakonzo wanavyowapa watoto majina kwa zamu ya kuzaliwa: msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, na wavulana wana safu yao. Alinicheka kwa kutolijua hilo. Jina langu, Nafula, nilipewa na watu wa baba kwa kuwa nilizaliwa wakati wa mvua. “Kwenu mvua ikinyesha, basi, jina imepatikana,” alisema, na mama akacheka akiwa jikoni. Siku iliyofuata, nilipokuwa nikinakili majina kwenye karatasi safi, niliona pengo. Mama yangu ndiye Biira. Katika orodha yangu alikuwa binti pekee, pamoja na wadogo zake wawili wa kiume. Kama yeye ni wa pili, wa kwanza yuko wapi? Ukutani hapakuwa na picha yake, na sikuwahi kusikia mtu akimtaja. Nilijiona mwerevu sana. Sikumuuliza mtu yeyote. Nilichora kisanduku, nikaandika Masika, na kando yake nikaweka msalaba ulionyooka, kwa rula.

Jumapili baada ya ibada mama alilirudia suala la kuhama. Begi la Nyanya lilikuwa tayari limefungwa. Mama alikuwa amelipanga mwenyewe asubuhi. Nyanya, labda ili kuyakwepa mazungumzo hayo, akaomba aone mti wangu. Hakujua kusoma, lakini misalaba aliielewa. Aliipitia kwa kidole, mmoja mmoja, akiwataja wenyewe: babu, mama mkwe, mdogo wake. Kidole kikasimama.

“Hii njo nani?”

Nilimwambia ni Masika.

Aliondoa mkono juu ya karatasi kana kwamba imemuunguza. “Nani alikuambia mutoto wangu alikufa?”

Mama alinitaka nitoke nje. Nyanya akakataa, akasema nibaki, maana nimejifanya mwandishi. Kisha akasimulia, akinielekea mimi lakini macho yake yakiwa kwa mama. Masika alikuwa na miaka minane. Dada ya babu alijifungua ng’ambo, upande wa Kongo, akaomba msichana wa kumbebea mtoto kwa msimu mmoja tu wa kahawa. Msimu ulipokwisha babu alikwenda kumchukua, akakuta nyumba ina wapangaji wengine. Mume wa shangazi huyo alikuwa amefuata kazi kwenye migodi, familia yote ikaondoka naye, na majirani waliweza tu kunyoosha mkono kuonyesha walikoelekea. Mama yangu wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Tangu hapo, kila siku ya soko, Nyanya alikwenda mpakani na kikapu cha pasheni. Mimi nilidhani anakwenda kuuza. Kumbe alikwenda kutazama nyuso.

“Anajua hii nyumba tu,” alimwambia mama. “Akikuya akute kufuri, atauliza nani?”

Mama aliinuka. Alilivuta begi, akalifungua, akaanza kutoa nguo za Nyanya moja moja na kuzirudisha kwenye kamba zilipokuwa zikining’inia. Tulirudi Kasese wawili. Nyanya alifia katika nyumba ile miaka mitatu baadaye, mlango ukiwa wazi.

Siku hizi kutafuta ukoo kumekuwa rahisi kwa wengi. Yapo makundi ya simu ya watu wa pande zote mbili za mpaka; unaandika jina, kesho mtu anakutumia picha ya binamu. Mimi pia huandika. Lakini shangazi wa ng’ambo alikuwa Kabugho, mumewe Kule, na aliyepotea ni Masika, majina ya zamu yaliyojaa kila nyumba kuanzia hapa mpaka ndani ya Kongo. Desemba iliyopita nilivuka mpaka siku ya soko nikamuuliza mama mmoja anayeuza vitenge. Alicheka. “Masika? Hapa beko mingi. Hata mimi unaona hivi, niko Masika.” Akamwita jirani yake, naye Masika. Nilipowaeleza habari yenyewe waliacha kucheka, na mmoja akanisogezea kiti.

“Jina yake ingine njo gani?” akauliza muuza vitenge. “Ile ya batizo.”

Likizo ile nzima ya Bwera nilikuwa na penseli mkononi, na mtu pekee aliyelijua jina hilo alikuwa ameketi mbele yangu akichambua kahawa. Mama hakuwahi kuambiwa. Nilimjibu kwamba silijui. Yule mama akainama karibu na sikio langu, akaniuliza tena, polepole, akidhani sikulisikia swali vizuri.