Sifa za Baba Mdogo Zilizofutika kwa Kidole Gumba

Siku ya kumzika baba yangu mdogo, stima ilipotea asubuhi, kabla sijachapisha wasifu wake. Mama mdogo, mjane wake, alikuwa amenisomea maneno kwa simu kutoka Magwagwa, akiyabadilisha kila mara, na sasa Pasta alikuwa anangoja karatasi. Pasta wetu hasomi habari za marehemu kwenye simu. Anasema simu inaweza kuita katikati ya maombi, na yake huita kweli.

Sikuwa na wasiwasi. Kwetu Kiogoro tulikuwa tumefunga betri ya akiba, kubwa kama sanduku la bweni, nami nilikuwa nimeisifu kwa majirani mpaka wakapunguza kututembelea. Iliwasha taa, televisheni na intaneti. Printa ya leza ingeishinda kwa nini?

"Fundi alisema tusichomeke kitu cha moto," mke wangu alisema huku akitafuta viatu vyake vyeusi.

"Alimaanisha pasi na birika. Hii ni ya karatasi."

"Kwani hizo karatasi hutoka zikiwa baridi?"

Nikachomeka.

Printa ikanguruma, ikavuta karatasi. Taa zikafifia. Betri ikalia pii, pii, kisha piiii moja ndefu, na kila kitu ndani ya nyumba kikazima. Karatasi ilikuwa imekwama, nusu ndani, nusu nje. Nikaivuta taratibu. Maneno yote yalikuwapo, toka kuzaliwa hadi kufa.

"Umeona?" nikamwambia mke wangu. Nikaiweka mbele ya usukani, tukaondoka kwenda Magwagwa.

Nilichokuwa sijui ni kwamba printa ya leza haina wino wa maji. Humwaga unga mweusi kwenye karatasi, kisha sehemu ya moto huupiga pasi mpaka ushike. Moto huo ndio ulioilemea betri yangu. Aya ya juu, yenye kuzaliwa, shule na ndoa, ilikuwa imepigwa pasi. Aya ya chini, yenye sifa, ilikuwa unga mtupu.

Na sifa zile zilihitaji sana kitu cha kuzishikilia. Baba mdogo alimshtaki baba yangu, ndugu yake wa tumbo moja, kwa chifu kwa sababu ya mgomba uliomea mpakani. Alikuwa na wilibaro, toroli ya gurudumu moja, ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuiazima.

Chini ya hema la mazishi, Pasta alisoma aya ya juu vizuri. Akasogeza kidole gumba chini ya mstari uliofuata, kama afanyavyo kwenye Biblia.

"Marehemu alikuwa mtu wa..." Akainua karatasi juani. "Mtu wa..." Akaisugua kidogo, na upole wa baba mdogo ukaondoka wote.

"Wa kesi!" sauti ikatoka nyuma ya hema.

Watu wakaangalia chini, mabega yakitikisika. Pasta, ambaye hajui kuacha sentensi njiani, akajaribu tena: "Aliyependa..."

"Wilibaro!"

Hapo hema lote likaangua kicheko. Nilitamani kaburi lile liwe langu. Lakini kicheko kikubwa zaidi kilitoka viti vya mbele. Mama mdogo alikuwa amejishika mbavu, leso mdomoni. Akainuka, akamnyang'anya Pasta kipaza sauti.

"Ni kweli," akasema. "Hakuazimisha wilibaro. Ukimwomba, alikuja nayo mwenyewe, akakubebea mbolea mpaka ikaisha, kwa sababu hakukuamini na gurudumu lake. Nani hapa hakubebewa?"

Hakuna mkono ulioinuka. Baba yangu, aliyekuwa hajamtaja ndugu yake kwa jina tangu ile kesi ya mgomba, akasema polepole, "Mimi alinibebea mawe ya msingi. Alinitukana njia nzima." Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba utokee.

Tulimzika vizuri, tukala wali na nyama. Pasta alikuwa amejipangusa jasho kwa kile kidole, na picha zote za siku ile zinamwonyesha akiwa na doa jeusi katikati ya paji la uso. Mke wangu alitaka kwenda kumwambia. Nilimshika mkono, nikamwomba aongeze mchuzi kwanza.