Siku Mjomba Alipocheka

Watu wanasema chuma kipigwe kingali moto, halafu wanaitumia methali hiyo kwa mambo ya harakaharaka: kuposa, kununua kiwanja. Mimi nabisha. Chuma hakikuharakishi. Kinapoa chenyewe kimya kimya, na kikishapoa utapiga mpaka mkono uvimbe, hakipindi. Hilo nimeliona kwa mama yangu.

Mama na mjomba, mdogo wake wa pekee, walikosana kwa ajili ya mikorosho ya bibi kule Ziwani. Kwetu Wamakonde, nyumba bila mjomba haina mwenyewe. Posa, ugonjwa, anaitwa yeye. Miaka ikapita hakanyagi kwetu Magomeni. Majirani wakaanza kumsema mama, na aliyemsema mbele yangu nilimwashia moto hapohapo.

Bibi akafariki. Msibani mtani wetu, mama mmoja wa Kimakua mwenye mdomo, akawakamata wote wawili, akawafunga mikono kwa khanga moja.

"Marehemu kaniachia mbuzi wawili! Nani ananunua? Hili dume halili, linanuna tu!"

Mjomba akajikaza, akashindwa. Akacheka mpaka machozi. "Dada, mwambie huyu mchawi atufungue!"

Dada! Tangu wakosane hakuwahi kumwita hivyo. Nikamsogelea mama sikioni. "Mama, sema naye sasa hivi."

"Nianze mambo ya mikorosho na udongo wa kaburi haujakauka? Tuanue matanga kwanza."

"Achana na mikorosho! Mwambie tu aje nyumbani."

"Punguza sauti, mwanangu. Watu wanatuangalia."

Matanga yakaanuliwa. Alfajiri mjomba akapanda bodaboda, akaondoka bila kuaga.

Baada ya mavuno mama akasema, "Nipeleke kwa mdogo wangu." Njia nzima nilikuwa naomba mjomba afoke. Mtu anayefoka unajua pa kumshikia. Hakufoka. Akamwita mkewe atoe viti, vile vya wageni, na soda.

"Karibuni sana. Habari za mjini?"

"Mdogo wangu, nimekuja..."

"Tunashukuru kwa kututembelea."

Damu ikanichemka, nikasimama. Mama akanivuta shati, nikakaa. Huyu mtu mama alimbeba mgongoni mwake utotoni! Mama akaichukua ile soda kwa mikono miwili, akainywa yote taratibu, kama mgeni asiyetaka kumkosea mwenyeji.