Ndoto ya Mtu Aliye Juu ya Paa

Miaka ile ya wakimbizi, mama yangu alikuwa na kibarua mmoja wa kudumu katika shamba letu la Kibimba, mwanamke wa Kirundi aliyetoka kambini asubuhi na kurudi na ndizi na maharage. Yeye na mumewe walipotezana siku ya kuvuka mpaka. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapata kazi ya kuandika majina ya wanaotaka kurudi kwao. Jina lake halikuwemo. Alisema hatapanda lori mpaka apate habari za mumewe.

Nyumbani kwetu ndoto mbaya husimuliwa asubuhi, kabla ya kuweka kitu mdomoni, na majirani walimletea mama ndoto zao kama wanavyopeleka mahindi mashineni. Siku hiyo yule mwanamke alikataa uji.

"Shikamoo, mama. Nimeota vibaya."

"Marahaba. Umeota unalima? Maana shambani kwangu ndoto hiyo tu ndiyo ninayoitaka."

Hakucheka. Alianza kusimulia kwa Kirundi, nasi Wahangaza hatuhitaji mkalimani wa Kirundi. Alikuwa ndani ya lori linalokwenda kwao, lakini kila kona ilimrudisha kwenye kona ileile. Akashuka, akatembea, akafika. Ua ulikuwa umefagiliwa. Mumewe alikuwa juu ya nyumba mpya, anapiga bati. Alipomwita, hakujibu; alinyoosha tu mkono mtupu kuelekea chini.

Nilimtazama mama. Tangu utoto wangu nilimsikia akisema neno moja bila kusita: nyumba mpya ndotoni ni kaburi. Alikuwa amewaambia hivyo hata watu wenye wagonjwa ndani, na hakuwahi kulainisha. Sasa aliokota jani la mgomba, akaanza kupangusa jembe ambalo halikuwa na udongo.

"Njia inakuzungusha kwa sababu wewe mwenyewe unajizungusha," alisema mwishowe. "Nyumba ipo. Anakungoja. Nenda."

"Na ule mkono?"

Mama alirudia kulipangusa jembe.

"Ameishiwa misumari," yule mwanamke akajijibu mwenyewe, akacheka mpaka akashika kiuno. Mwaka mzima sikuwa nimemsikia akicheka.

Alipokwenda kuchukua jembe, nilimsogelea mama. "Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Akae matanga chini ya turubai, bila kaburi, bila ndugu? Akifika kwao, watu wake watamwambia wenyewe. Atalilia mikononi mwao."

"Na kama mumewe yu hai?"

"Basi nitakuwa nimesema kweli."

Kesho yake niliandika jina lake, kwa mwandiko wangu wa kawaida.

Siku ya kuondoka alikuwa na godoro jembamba, sufuria mbili, na mfuko mdogo aliokataa kumpa mtu amshikie. Alinifungulia nione. Ilikuwa misumari ya bati, ile yenye kichwa kipana. Alikuwa amekwenda kwa miguu hadi sokoni Ngara, akabadilishana na mafuta yake ya mgao.

"Wewe umesoma, dada. Itatosha vyumba viwili?"

Nilijifanya naihesabu.

"Itatosha."

Akapakia mzigo, akakaa juu yake, akaupakata ule mfuko kama mtoto anayelala.

Nyumbani mama aliniuliza ameondokaje. Nilimwambia ameondoka salama, na kwamba alikuwa anacheka. Misumari sikuitaja.