Nilimsingizia Baba Ugonjwa Ili Nisiende Tamasha la Filamu

Admin, nifiche jina tafadhali, maana Itigi ni padogo na watu watanijua hata kwa kikohozi. Mimi ni kijana wa kiume, miaka 31, sijaoa, naishi na baba yangu mzazi. Kazi yangu ni kuchambua filamu mtandaoni. Naangalia, naandika, watu wanacheka, wanashea.

Kabla baridi ya mwaka huu haijaanza niliandika kuhusu filamu moja ya hapa kwetu. Mle ndani kuna mama mtu mzima, umri wa bibi yangu, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuigiza. Nikaandika kwamba anaigiza kama mtu aliyeingia jikoni akasahau alichofuata. Watu walicheka siku nzima, na mimi nikajiona nimepatia.

Baadaye nikaalikwa tamasha la filamu, huko mbali. Nikatangaza mtaa mzima. Baba ni mzee wa kanisa, akasimama ibadani akaniombea safari njema. Ilipokaribia wakanitumia ratiba, naona nimepangwa meza moja na yule mama, tuzungumze mbele ya watu. Jamani. Nikawaza nampa shikamoo, na yeye anaitikia marahaba mwanangu, mimi namtazama kwa macho gani? Nikawapigia waandaaji, nikasema baba yangu kalazwa, hali mbaya. Wakati huo baba alikuwa porini kwenye mizinga yake ya nyuki, mzima kabisa. Nyumbani nikasema tamasha limeahirishwa.

Baridi yote nimejifungia chumbani na blanketi, naangalia filamu. Ikiisha hii naweka ile. Sijaandika hata mstari mmoja. Naogopa tu kukaa kimya, maana nikikaa kimya naanza kumfikiria yule mama.

Kumbe naye alipata namba yangu kwa waandaaji. Akanipigia. "Mwanangu, nimesikia unauguza. Baba anaendeleaje?" Nikatoa shikamoo kwa sauti ya mbu. Akaitikia, akaomba palepale kwenye simu. Tangu hapo hupiga kila Jumapili akitoka kanisani. Kuna siku nikajikaza, nikamwomba msamaha kwa nilichoandika. Akacheka. "Binti yangu alinisomea. Nililia kidogo, baba, sikufichi. Lakini ni kweli, maneno nilikuwa nimeyasahau kabisa." Hapo ndipo ningemalizia na la ugonjwa. Sikusema.

Jumapili iliyopita simu iliita nikiwa bafuni, baba akapokea. Natoka namkuta amesimama uani, simu sikioni, anasikiliza. Akaniangalia. Halafu baba yangu, ambaye utotoni alinichapa kwa kudanganya kuhusu sukari tu, akakohoa, akasema, "Tunaendelea, mama. Kijana wangu ananiuguza vizuri." Akanipa simu, akaingia ndani. Mama wa watu akaniambia Jumamosi anapanda treni kwenda Dodoma kwa binti yake, atashuka Itigi amwone mgonjwa kwanza. Anasema hawezi kupita mlangoni kwa mgonjwa bila kumjulia hali.

Nilimwambia baba kwamba yule mama anakuja kumwona, akaitikia tu, na tangu siku hiyo hajaniuliza kitu. Hajanigombeza. Bora angenigombeza, ningejua pa kuanzia. Haendi tena kwenye mizinga, na huu ndio msimu wa kurina asali. Anashinda sebuleni, majirani wakipita anawaambia kifua kinambana. Najisikia aibu.

Jana akaniita. "Mgeni anafika lini?"

"Jumamosi, baba."

Akanyoosha miguu kwenye kochi. "Basi niletee blanketi. Mgonjwa wako anasikia baridi."

Nikaleta lile lile ninalojifunika nikiangalia filamu. Nikamfunika, hakuniangalia usoni.

Sasa ndugu zangu, nikimwambia yule mama ukweli pale stesheni, nimemuumbua baba aliyedanganya kwa ajili yangu. Nikinyamaza, mzee wa kanisa ataombewa ugonjwa asio nao, na mimi nimesimama pembeni naitikia amina. Nishaurini, nifanye nini? Nitukaneni mkitaka, mimi mwenyewe nimewatukana wenzangu sana humu mitandaoni, ila mniambie kabla treni haijafika.