Mpangaji Wangu Kwenye Mstari wa Kura

Chumba cha mbele sijakipangisha tena. Watu wakikiulizia, nawajibu kwa ukali kwamba paa linavuja. Halivuji.

Aliyekaa humo alikuwa mzee wa Kiarabu aliyekimbia vita kwao Yemeni, akawa anauza haluwa pale Pasua. Jioni tulikaa barazani hapa Shirimatunda, mimi namenya ndizi, yeye na kahawa yake ya tangawizi, tunabishana. Ndugu zake walimtumia sauti kwenye simu, naye ananitafsiria. Kaka yake alitaka amani na mkate kwanza, kura baadaye. Binti wa kaka huyo alisema bila kura hata huo mkate wataugawana wakubwa.

"Na wewe, mzee?" nilimuuliza.

"Mimi nilishapiga, mama. Karatasi ilikuwa na jina moja tu. Mambo ya kura niondoleeni kabisa."

Basi kwa ubishi wangu nikamchukua twende mkutano wa chama chetu cha kahawa, kule mlimani nilikozaliwa. Mwenyekiti tunamchagua kwa kusimama: wagombea wanakaa mbele, kila mwanachama anajipanga nyuma ya anayemtaka, mchana kweupe. Mimi na kichwa changu kigumu nikaenda kwenye mstari mfupi. Kugeuka, mzee yuko nyuma yangu, kofia mkononi. Mtu hana hata mche mmoja wa kahawa.

"Mzee, toka. Wewe si mwanachama."

"Najua. Acha nihesabiwe tu."

Msimamizi akaja anahesabu kwa kugusa mabega. Alishamgusa na yeye ndipo watu wakashtuka, wakacheka, wakamtoa, hesabu ikaanza upya. Tukashindwa vilevile. Njiani kurudi nyumbani, tukafika Himo.

"Aliyeshindwa amempa mwenzake mkono, akaenda nyumbani kwake kula," alisema. "Mimi nataka hicho tu." Na macho yake yalikuwa yamelowa.

Baadaye yule binti alimwambia kwao kumetulia kidogo, huenda watu watachagua. Mzee akasema anarudi. Nilimkatalia, nikamgombeza, hata chai sikumpikia siku hiyo. Akaenda. Simu yake sasa haipatikani. Nimemkumbuka mno, hata ubishi wake.

Juzi tumechagua tena. Nilijipanga, nikaacha nafasi nyuma yangu. Mama mmoja akataka kuingia hapo.

Nikamwambia pana mtu.